Bati za Wifi

Husseni alipomwacha Mwanakombo, au Mwanakombo alipomwacha Husseni, maana hadi leo kijiji kizima cha Mnyambe hakijakubaliana nani alimwacha nani, hakuna aliyegombania shamba. Shamba lilikuwa la ukoo wa Mwanakombo tangu enzi za bibi yake. Kiwanja vilevile. Husseni alikuja pale kama wanavyokuja wanaume wengi wa huko, na begi moja na maneno matamu, akaoa, akakaa kwao mke. Watoto nao ni wa upande wa mama. Kilichobaki cha kugombania kilikuwa juu ya vichwa vyao, nazo ni bati.

Bati alizileta Husseni. Sasa wewe msomaji, kama unakaa mahali penye mto, ukisikia bati utafikiria kivuli. Huko juu Newala mtu akisikia bati anafikiria maji. Mto hakuna, na bomba lina siku zake na hasira zake. Mvua inapiga bati, inateremka kwenye mifereji, inaingia kisimani uani, na hapo ndipo nyumba inapochota hadi mvua nyingine. Kisima cha Mwanakombo alikichimbisha mwenyewe na kukisakafia kwa saruji, kirefu kuliko mtu mzima. Lakini kisima kisicho na bati juu yake ni shimo la kuangukia mbuzi, basi. Na ilikuwa mwisho wa Oktoba, watu wako mikoroshoni wanaokota korosho, ujumbe ukaja kwamba bati zitang'olewa zirudi kwa wenyewe. Mvua ikikuta nyumba ile kichwa wazi, Mwanakombo na wanawe watatu watakunywa maji ya kununua kwa ndoo mpaka mwakani, kama watayapata.

Mwanakombo akaishusha kesi Masasi, ofisini kwa Wakili Sadallah, mtu mnene, mpole, anayeamini kwamba kesi nzuri ni ile isiyomwona hakimu. Aliisikiliza, akainywea chai, akamsukumia Dominika. Akamwambia hii si ya mahakamani, hii ni ya kuzungumza, na kwa kuwa yeye ndiye aliyetoka kusomea kuzungumza, haya, akazungumze.

Dominika alikuwa binti wa Lulindi, Mmakua wa kuzaliwa, wakili ambaye joho lake lilikuwa bado lina mikunjo ya dukani. Wiki iliyotangulia alikuwa Mtwara kwenye semina ya majadiliano, na tangu arudi ofisi nzima ilikuwa haina raha. Ukimwomba kalamu anakutazama kimya, akisubiri upandishe dau. Mkufunzi wao, bwana mmoja mwenye tai nyekundu, aliwafundisha kwamba anayesema kwanza ndiye anayepoteza. Akawafundisha kwamba anayetaka kuku aombe ng'ombe. Somo la tatu lilihusu kumjua mwenye kauli, yaani yule ambaye neno lake ndilo la mwisho, lakini hilo lilifundishwa baada ya chakula cha mchana, na chakula kilikuwa pilau, na Dominika alisinzia hadi makofi ya kufungia. Pilau ile ndiyo iliyotuletea matatizo yote haya.

Alipanda kwenda Newala mjini, ambako Husseni alikuwa amejibanza kwa rafiki yake Rajabu tangu talaka. Wakakutana mgahawani. Baada ya salamu Dominika alikumbuka somo la kwanza, akafunga mdomo. Laiti angeulizia kidogo kabla ya kufunga. Husseni alikuwa mtu ambaye hata mkewe, katika ndoa ya miaka kumi na mitano, hakumbuki kumsikia akianzisha mazungumzo. Walikaa. Chai ikapoa. Nzi akatua kwenye sukari, akaondoka, akarudi na mwenzake. Mwenye mgahawa alipita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, mwisho akainama na kuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.

Ikabidi Dominika aseme. Akaruka hadi somo la pili, akaomba ng'ombe. Akaomba bati zote, na mifereji yote, na mlango wa mbele, na pikipiki juu yake, akiwa amejiandaa kuvutana hadi jioni.

"Sawa," Husseni akasema.

Dominika akababaika. Mkufunzi hakusema chochote kuhusu mtu anayejibu sawa. Akarudia dai lake upya, labda halikueleweka, na Husseni akasema sawa tena, kwa upole, kama mtu anayepokea dawa. Roho ikamuuma Dominika. Akajikuta anajadiliana peke yake: pikipiki akamrudishia, mlango akauacha. Zikabaki bati na mifereji, wakapeana mikono, na binti wetu akateremka Masasi akijiona yeye ndiye yeye. Usiku huo aliwapigia simu wenzake wawili wa semina, akawaeleza kwa kirefu, na akatia chumvi.

Siku ya tatu simu ililia asubuhi. Alikuwa Mwanakombo, na hakuwa na salamu. Fundi Vitalis kutoka mjini yuko juu ya nyumba yangu, alisema, ametumwa ang'oe bati, tatu ameshazing'oa. Dominika alipomwuliza fundi amefika wapi sasa, Mwanakombo alisema hajafika popote na hatafika popote, kwa sababu ngazi ameiondoa na ameikalia. Na kweli, Vitalis alishinda juu ya paa siku ile hadi alasiri. Ugali alivutiwa kwa kamba, maana Mwanakombo ana hasira lakini hana roho mbaya. Jua lilipompata sawasawa akazipigilia zile tatu mahali pake, na ngazi ikarudi ukutani.

Dominika alimpigia Husseni akiwa amechachamaa. Ulikubali, alimwambia, tulipeana mikono, shahidi yupo, mwenye mgahawa yupo.

"Uliniuliza kama nakubali, nikakubali," Husseni akajibu. "Mimi ni mtu wa kukubali, mwanangu. Lakini hukuniuliza kama mwenye kauli ni mimi. Bati ni za kwetu, na kwetu anayesema ni dada Faidha."

Wakili Sadallah aliposimuliwa alicheka hadi akashika meza. Kisha akamwuliza Dominika swali moja la upole: baba yake, kule Lulindi, akitaka kuuza mbuzi huanzia wapi? Dominika akanyamaza, na safari hii haikuwa mbinu. Baba yake akitaka kuuza mbuzi huanzia kwa dada yake mkubwa, halafu kwa mjomba, halafu ndiyo mbuzi naye anaambiwa. Jambo hilo alilijua kabla hajajua kusoma. Mmakua mzima, mtoto wa ukoo wa kina mama, amekwenda kupatana na mwanamume peke yake kama vile mwanamume ameota shambani! Aibu ilimshika, akakosa pa kuiweka.

Faidha hakuwa mbali. Alikuwa palepale Masasi, sokoni, akiuza vitenge, mama wa kifua na sauti, ambaye wateja humwita Mama Mujibu na wapinzani wake hawamwiti kabisa. Dominika alimwendea, akampa shikamoo, akapewa marahaba na kigoda. Akajitambulisha na kusema amekuja kwa ajili ya nini. Halafu, kwa kuwa mazoea yana tabu, akanyamaza ili mwenzake aseme kwanza.

Faidha alisema. Alisema kuhusu kitenge cha njano, akakikunjua kwenye mapaja ya Dominika, akasema rangi hiyo haivaliwi na kila mtu lakini yeye inampenda. Dominika alishikilia kimya chake kama alivyofundishwa. Faidha akajibu kimya kile kwa kitenge cha pili, na fundi cherehani akaitwa, na vipimo vikachukuliwa. Aliporudi ofisini hakuwa amepata neno hata moja kuhusu bati, ila Ijumaa angekuwa na gauni.

Ijumaa alikwenda kuchukua gauni. Nataka niwe mkweli, hakwenda na mbinu yoyote. Mbinu zilikuwa zimemwishia na alikuwa amechoka, na huko Mnyambe mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri. Mwanakombo alikuwa anampigia kila siku kumweleza rangi ya mawingu hayo. Dominika akakaa kwenye kigoda na kuuliza tu lililokuwa linamkera kichwani, kwa sababu alishapita nyumbani kwa Faidha na kuiona, nyumba kubwa, imeezekwa yote hadi banda la kuku.

"Mama, mkizing'oa zile bati, mtaziweka wapi?"

Faidha akaacha kukunja kitambaa. "Nitaziegemeza nje, ukutani."

"Mtaezekea nini?"

"Siezekei kitu. Nataka watu wazione."

Na hapo ndipo mama yule alipofunguka, na ukimfungua Faidha usitegemee kumfunga upesi. Alisema mdogo wake ametoka ukweni na begi lilelile alilokwenda nalo. Watu sokoni wanauliza, na bati je? Mwanamume akiondoka na bati zake, watu watasema ameondoka. Akiondoka mikono mitupu, watasema amefukuzwa kama paka mwizi. Husseni ni mnyonge, hasemi, anajibu sawa kwa kila kitu, lakini yeye dada yake anasikia kila kinachosemwa. Yeye ndiye aliyesimamia ndoa ile, yeye ndiye aliyekwenda Mnyambe kuposa. Sasa aibu ya nani?

Kisha akasema lingine, akitazama pembeni. Alisema yule wifi yake siku hizi anamwamkia.

Dominika hakuona ubaya wa kuamkiwa, akasema hivyo. Faidha akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyesoma sana akapungukiwa. Alimweleza kwamba yeye na Mwanakombo walikuwa watani, na si utani wa kuigiza. Mwanakombo alikuwa akimpigia simu anamwita jini la Masasi. Alikuwa akija harusini anamwambia mbele za watu kwamba gauni limemkaa kama gunia la korosho, na yeye anamjibu kwa kumwita mchawi asiye na ungo, na hapo wote wawili wameshiba raha. Tangu talaka, simu ikija ni Mama Mujibu shikamoo, habari za huko, tunashukuru, kwaheri. "Ananiheshimu," Faidha alisema. Akamalizia kwa kumwambia Dominika alipe gauni.

Dominika alilipa. Lakini hakuinuka. Kichwani mwake kitu kilikuwa kimejipanga chenyewe, bila tai nyekundu. Akasema polepole kwamba, kama shida ni watu waone, basi ukuta wa nyumba ya Masasi utaonwa na nani? Majirani wanne na kuku. Wakati Desemba Rukia, mtoto wa kwanza wa Husseni, anatolewa unyagoni, na Mnyambe yote itakuwa uani pale, na nusu ya Newala. Shangazi akisimama siku hiyo, kwenye spika, akasema bati hizi zilizo juu zilikuwa za kwetu, na leo sisi kwa hiari yetu tunampa mwali wetu, nani atathubutu kusema Husseni alifukuzwa? Aliyefukuzwa hatoi zawadi. Anayetoa ni mwenye nacho.

Faidha akarudia kukunja kitambaa chake, mkunjo kwa mkunjo. Na Dominika, kwa mara ya kwanza tangu Mtwara, alinyamaza kwa sababu hakuwa na la kuongeza.

Mama yule akakubali, kwa masharti. Spika iwe kubwa. Atasema yeye na si mshereheshaji. Na akishasema, Mwanakombo asimame palepale ajibu kwa asante, mbele za watu, kwa mdomo wake. Bila hiyo asante, fundi atapanda tena, na safari hii atakuja na ngazi mbili.

Dominika akasema hiyo ni ndogo. Jamani, vijana. Alikuwa amepatana na mtaliki, amepatana na dada wa mtaliki, na mtu pekee ambaye hakuwa amepatana naye ni mteja wake mwenyewe. Alipopanda Mnyambe na habari njema, Mwanakombo alimsikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele.

"Nimshukuru kwa bati ambazo nimelala chini yake miaka kumi na mitano?"

Dominika alimweleza habari ya mvua. Mwanakombo alisema mvua anaijua. Alimweleza habari ya fundi na ngazi mbili. Mwanakombo alisema na yeye ana makalio mawili. Alisema familia ile ilimtumia mtu apande juu ya kichwa chake bila hata kubisha hodi, na asante kwa watu wa namna hiyo haimo mwilini mwake, hata akikamuliwa. Dominika alibembeleza hadi mchele ukaisha ungoni. Alichopata ni kwamba siku ikifika Mwanakombo atasimama. Atakachosema, Mungu ndiye ajuaye. Aliteremka Masasi akiwa na nusu ya mapatano, na nusu hiyo ilikuwa ile isiyoshika maji.

Siku ya kumtoa mwali ilifika na mawingu meusi tii. Ngoma zililia tangu alfajiri. Rukia alitoka amepakwa mafuta anameremeta, kichwa chini kama alivyofundwa, na wanawake wakapiga vigelegele hadi mbuzi wakakata kamba. Dominika alikuwa pale na gauni lake la njano. Husseni alisimama karibu na mlango, ameshika kofia mkononi, akimsubiri dada yake kama wote wengine.

Faidha akachukua maiki. Alisema vizuri, lazima tumpe haki yake. Aliwasifu mababu wa pande zote mbili, akataja ndoa ilivyofungwa, hakumsema mtu vibaya. Akainua mkono kuelekea paa na kusema kwamba bati zile waliziweka wao, na wao leo wanampa binti yao Rukia, yeye na mama yake na wadogo zake, wanywe maji chini yake hadi wajukuu. Hakuna wa kuzidai. Vigelegele vikapasuka. Husseni aliinua kichwa, na watu waliomwona wanasema alionekana mrefu kuliko walivyomkumbuka.

Halafu vigelegele vikaisha, na Faidha akabaki amesimama. Alikuwa anasubiri. Polepole watu wote wakageuka kumtazama Mwanakombo, ambaye aliinuka kutoka kwenye mkeka, akajifunga upya kanga kiunoni, akaenda hadi mbele, akachukua maiki mkononi mwa wifi yake. Hakusema. Dominika alijua ile ndiyo asante inakataa kutoka, na kwamba kesi yake inamfia mbele ya macho yake na mvua ikiwa juu ya kichwa. Machozi yalimlenga.

"Jamani," Mwanakombo akasema, "mnamwona huyu? Huyu ni jini la Masasi. Mchoyo tangu namjua. Mnamshangilia ametoa bati, hamjaziangalia? Zina kutu! Zingekuwa mpya angezibeba kichwani hadi sokoni kwake akaziuze na vile vitenge vinavyochuja. Na sufuria yangu aliyoazima siku ya harusi yangu, mwulizeni, iko wapi?"

Kisha mama mmoja mzee akacheka, ua mzima ukafuata, watu wakapigana mabega, mpiga ngoma akaangusha fimbo. Dominika peke yake ndiye aliyeshika kichwa. Alidhani kila kitu kimekwisha, hadi alipomtazama Faidha. Faidha, mama wa kifua na sauti, alikuwa amekaa chini palepale mchangani na kitenge chake kipya, analia kama mtoto huku anacheka.

Mwanakombo akamwinamia, akampangusa uso kwa ncha ya kanga, bila upole wowote.

"Nilidhani mmetuacha wote," Faidha akasema. "Nilidhani na mimi nimo kwenye talaka."

"Talaka ya Husseni ni ya Husseni," Mwanakombo akamwambia. "Wewe nitakuacha vipi, na domo lote hilo? Nyanyuka, tukapakue chakula, wageni wale."

Wakaenda jikoni, mmoja akimsukuma mwenzake, wakitukanana njia nzima. Dominika alibaki amesimama uani hadi tone la kwanza likamwangukia mkononi, kisha la pili, kisha bati zote juu zikaanza kupiga kelele. Watu wakakimbilia barazani. Yeye alikwenda kusimama pembeni ya kisima, gauni likilowa na kuchuja njano kwenye viatu vyake, akasikiliza maji yakiingia.